Shimo la Kumi na Saba

Mara ya kwanza lilipokufa nikasema ni joto.
Pangaboi la dukani kwangu, huku Langoni, limekatika bawa moja,
na laptopu nimeikalisha juu ya tofali mbili ipate kupumua.
Mara ya pili nikasema ni umeme.
Mara ya tatu sikusema kitu.
Nikarudisha mlango, nikafungua msimbo.

Bao la kompyuta. Aliyeliandika simjui,
aliliacha wazi, mwenye kulitaka alijenge mwenyewe.
Nikalijenga. Mistari ikateremka kwenye skrini
kama mchele unaomiminwa unguoni,
maonyo arubaini na moja, sikusoma hata moja,
mwisho likaandika: tayari.
Tayari! Neno la fundi cherehani
mkesha wa Idi.

Lali, mtoto wa dada yangu, ana miaka tisa
na ulimi usiojua likizo. Yeye ndiye mchezaji.
Mimi ni mwosha maiti:
kila likifa nalilaza, nalipekua, naandika saa.

Nikaondoa sauti. Likafa kimya.
Nikaondoa picha za kete, zikabaki tarakimu tupu.
Likafa uchi.
Nikampigia Swabra, yuko Mombasa, akalijenga naye.
"Mbona kwangu linakwenda?"
Hakuna maneno yanayomchoma fundi kama hayo.
Nikapanda vibao ndani ya msimbo, kila baada ya mistari kumi:
nimefika hapa
nimefika hapa
nimefika hapa
halafu basi.
Nikajua lilipofia. Lililoliua, sikulijua.

Usiku wa nne Lali anacheza na kaimati mdomoni,
shira inatiririka hadi kwenye vibonye.
"Mama mdogo, yeo limeniita Mali."
"Nani kakuita?"
"Bao. *Ni zamu yako, Mali.* Juzi liliniita Nali."
"Umekosea kuandika jina lako."
Akanitazama kama mtu
aliyefundishwa jina hilo kwa ubao na fimbo.
"Sikukosea. Na halifi ovyo.
Hufa nyumba ikisafiri."

Nikatua kikombe.

L. Kisha M. Kisha N.
Herufi haikukosewa. Iliongezwa.
Kitu kilikuwa kikiidondoshea kete.

Mashine huanza kuhesabu na sifuri.
Mashimo kumi na sita, la mwisho linaitwa kumi na tano.
Mwandishi, labda usingizi, labda kaitwa kula,
aliandika: ukizidi kumi na sita, rudi mwanzo.
Basi nyumba ikisafiri na mzigo wake wote
mkono unafika ukingoni, haukunji,
unatia kete moja
katika shimo ambalo hakuna seremala aliyelichonga,
na pale, ndani ya kumbukumbu,
ndipo lilipolala jina la mtoto.

Lali akawa Mali.
Mchezo ukisha, mashine inakwenda kumwandikia Mali ushindi wake,
inapekua daftari zote, hakuna Mali,
wala haikufunzwa la kufanya mtu akikosekana.
Inakufa ikimtafuta.

Sita nikaifanya tano.
Siku nne, tarakimu moja.
Nikalijenga upya, na safari hii nikahesabu:
maonyo arubaini.
Kumbe lile moja lilinambia tangu siku ya kwanza,
kwa sauti ya chini, katikati ya wenzake,
nami nikawa natazama neno "tayari".

Lali akacheza. Nyumba ikasafiri,
ikafika kichwani, ikakata kona kwa adabu,
ikarudi na kete zake zote.
Sikupumua hadi mchezo ulipokwisha.
*Umeshinda, Lali.*

Akanuna.
"Lile la Mali," akasema, "huwezi kulirudisha?"

Nikamwambia akanawe mikono.