Kopo la Chumvi

Wiki ya kwanza ya vidonge vya presha
ardhi ya Kitangali iliyumba.
Nainama kuokota korosho; nikiinuka,
mkorosho mmoja umekuwa miwili.
"Inuka pole," alisema Somoe wa zahanati,
"kama unamtoroka mtoto aliyelala."

Wiki ya tatu kandambili zikagoma.
Nikibonyeza mguu, kidole kinaacha shimo
kama kwenye unga wa muhogo.
Basi vidonge nikavifukia ndani ya kopo la chumvi,
kopo ambalo siku hizi hakuna anayeligusa.

Nankondya, mume wangu, aliligusa.
Hakunigombeza. Alilibeba hivyo hivyo hadi zahanati.

Dawa mpya hainivimbishi; inanikojoza.
Usiku mara tatu natoka uani,
na mara tatu namkuta mlangoni,
kasinzia wima, tochi mkononi.