Chumba cha Juu

Cherehani ya mama mkwe tumeishusha chini,
na pasi, na masanduku ya Krismasi,
na baiskeli isiyo na gurudumu.
Kumbe chumba kilikuwa na dirisha!
Nje, Bremen na mvua yake isiyo na haraka.

Ketevan anafika Alhamisi, kutoka Kutaisi.
Miaka kumi na tisa.
Kwenye simu alicheka, mkono mdomoni,
Onno alipomwonyesha jino linalocheza.

Shuka nimetandika mara mbili;
ya kwanza ilikuwa na doa nisilolijua asili yake.
Nikaweka taulo, sabuni, na ufunguo juu ya kisahani,
kisha nikakiondoa kisahani:
palifanana na hoteli.

Mgeni, wanasema, siku ya tatu mpe jembe.
Letu tumeshalibandika kwenye friji,
limepigwa mistari, limetiwa rangi:
saa moja, uji wa Onno;
saa sita, mtoto alazwe.
Eike alilisoma hadi chini, akauliza taratibu,
"Na yeye, atakula saa ngapi?"
Kalamu ninayo mkononi.
Karatasi imejaa.

Usiku nimejilaza kitandani pake, kujaribu tu.
Godoro linazama upande wa kushoto.
Huku juu husikika kila kitu:
bomba, kikohozi cha mtoto,
Eike akivitupa vijiko kwenye droo
kwa jambo nililosema mezani.

Ukutani umebaki msumari mmoja.
Nilikuja na koleo niung'oe.
Nimeuacha.
Sijui atatundika nini.