Mafungu Matano

Walikuja watatu baada ya alasiri,
diski imefungwa ndani ya leso ya marehemu mama yao
kama kitu kisichotakiwa kuona jua.
Duka langu pale Langoni lina viti viwili.
Mwanahawa akakaa juu ya kreti la soda.

Twalib, mkubwa wao, alishapiga hesabu njiani:
"Terabaiti tano. Wanaume wawili, mwanamke mmoja.
Mbili, mbili, moja.
Hata kiwandani walijua baba ana watoto wangapi."

Nikachomeka waya. Kioo kikasema: nne nukta tano nne.

"Nusu imekwenda wapi?"
Athman alinitazama mimi, kisha droo yangu.
Nikaeleza: kiwanda huhesabu kwa elfu,
mashine huhesabu kwa elfu moja na ishirini na nne,
hakuna aliyeiba, ni vipimo viwili tu,
pishi ya muuzaji na pishi ya mnunuzi.
Hakuridhika. Hata mimi, mara ya kwanza, sikuridhika.

Nikafungua programu ya kugawia.
Mstari mmoja wa buluu, mrefu, kutoka ukingo hadi ukingo:
nyumba isiyo na ukuta wa ndani.
Mimi nimezaliwa katika nyumba ya mawe
yenye zidaka arubaini na mbili;
kugawa nafasi nilikujua kabla ya kujua kusoma.
Nikawaambia: kabla ya kukata, weka nakala pembeni.
Hawakuwa na pembeni. Baba alikuwa na diski moja.

Nikashika ncha ya mstari, nikaivuta kushoto
ili nimpatie Twalib fungu lake.
Ikaja kwa utii. Nne. Tatu na nusu.
Kwenye tatu nukta moja ikagota.
Nikavuta tena.
Ikagota.
Nje, punda wa mchanga akauparuza mlango kwa shogi,
meza ikatikisika,
na sote wanne tukaidaka ile diski
kama mtoto aliyefika ukingo wa ngazi.

"Kwani mna nini humo?"

Nyuso.
Miaka thelathini na minane
Famau alipiga picha za vitambulisho na pasi:
shuka jeupe nyuma, masikio yote mawili yaonekane, usicheke.
Uzeeni akaziskani moja moja,
kila uso kwa ukubwa wa dirisha.
Mahujaji. Makarani. Watoto wa darasa la nane
kola zao zimenyooshwa na mkono uliokatwa na fremu.
Bwana mmoja mara sita, kwa sababu alipepesa.
Mji mzima umeegemea ukuta,
nao ukuta hausogei.

"Basi ziende fungu la dada," akasema Twalib,
"si ndiye anayezitaka?"
Fungu la dada halifiki hata terabaiti moja.
Wao wangepata vyumba vitupu,
yeye apate wapangaji bila nyumba.

Mwanahawa hakupandisha sauti.
"Mato yote haya, Twalib, utayatia wapi?"

Athman akaomba tumtafute mtu mmoja.
Tulimpata kwenye folda isiyo na mwaka:
mama yao, hajacheka,
sikio moja tu, la pili limefunikwa na leso,
leso hiihii iliyokuwa mezani
chini ya diski.
Ndiye pekee ambaye mpiga picha alimwachia.

Nikaweka mpaka pale nyuso zilipoishia.
Kikabaki kipande cheusi upande wa kulia,
na maandishi yake: nafasi haijagawiwa.
"Hicho nikikate mara ngapi?"
Twalib alikitazama muda mrefu.
"Kiache."
Hakusema sababu, wala sikuuliza.

Mashine ilipendekeza herufi E.
Nikaibadilisha, nikaweka F.
Nikawatoza mia mbili.
Athman akatoa noti ya mia tano,
akasimama mlangoni akingoja chenji yake,
akaihesabu mara mbili.