Mhuri wa Kiazi

Nyumba yetu iko Embakasi, chini ya njia ya ndege.
Saa nne kasorobo usiku hupita ile ya mizigo,
vikombe hugusana kabatini,
na Kyalo, viganja masikioni, hutangaza:
Ya mizigo. Imechelewa dakika sita.

Anazijua zote. Hataki hata moja.

Mwaka jana tulijaribu.
Tulifika hadi pale pa kuvua viatu.
Viatu aliweza. Mshipi aliweza.
Ni ule mkono wa mtu asiyemjua, mgongoni, bila hodi,
uliomlaza sakafuni na miaka yake kumi na minne,
sauti yake ikaujaza ukumbi kuliko injini.
Mama mmoja mwenye kofia akasema, Mtoto umleavyo…
Hakuimaliza methali. Sikummalizia.

Basi mwaka huu tunakwenda ng'ambo kwa magurudumu.
Ng'ambo yenyewe ni Moshi, kwa dadangu Syombua,
saa saba za lami kupitia Namanga.
Shemeji anacheka: Hiyo ni ng'ambo,
au ni kwa jirani wa kuazima chumvi?
Acheke. Hajawahi kupanga safari
kama abebaye yai kwenye kijiko.

Jumamosi ya kwanza tulilitazama basi kwa nje tu.
Ya pili tukaketi ndani, injini imezimwa,
kiti cha tano, dirishani, upande usio na jua.
Ya tatu dereva, Bwana Odera, akawasha,
akahesabu kwa sauti hadi sitini, akazima.
Dakika moja umemaliza, akasema,
zimebaki mia nne na kumi na tisa.
Kyalo akacheka. Hesabu ilikuwa sahihi.

Jumba la Nyayo, picha ya pasipoti.
Tazama kamera, kijana.
Akatazama kifungo cha afisa, cha pili kutoka juu,
kilichoshonwa kwa uzi wa rangi nyingine.
Picha nne, na zote nne anatazama kifungo.
Foleni nyuma yetu ikaanza kukohoa.
Yule afisa (sikumuuliza jina, ninajuta)
akakivuta kifungo, kikakatika,
akakishika juu ya lenzi.

Tulimwita Kyalo, yaani safari kwa Kikamba,
maana alizaliwa njiani, kiti cha nyuma,
kabla hatujafika daraja la Athi River.
Tangu siku hiyo hapendi kuwa njiani.
Daktari ana neno lake, usonji, ninalitumia kwenye fomu.
Nyumbani tuna maneno mengine:
sahani ya bluu, mkate usio na ukoko,
shuka isiyofuliwa kwa sabuni mpya,
mwambie kabla, kisha mwambie tena.

Nyuma ya kalenda amechora njia yote.
Ameanzia Moshi na kuishia mlangoni petu,
Jumatano, saa kumi na moja jioni.
Nikamwambia, Umeigeuza.
Akasema, Kurudi kwanza.
Kwenda nitachora nikijua kurudi kupo.
Nilikwenda kufua vitu vilivyokuwa safi.

Usiku huu kizingiti cha jikoni ndicho Namanga.
Nduku, miaka tisa, ndiye serikali zote mbili;
amechonga mhuri kwa nusu ya kiazi,
amekunja uso kama watu wa ofisini.
Unakwenda wapi? Kwa nani? Siku ngapi?
Mumewe Syombua anaitwa nani?
Hilo halikuwa kwenye karatasi ya maswali.
Kimya. Vidole vya Kyalo vinapiga mlango, tatu, tatu, tatu.
Ninajizuia nisimjibie.
Anaitwa Elirehema, asema hatimaye, na anakoroma.

Mhuri, paa, wino wa bluu hadi kwenye kidole.
Hapo ndipo anaposimama,
mguu mmoja kwenye vigae, mmoja kwenye zulia,
akainama kutafuta mstari.
Sasa niko nchi gani?
Nduku ananitazama. Ninamtazama baba yao.
Juu yetu ile ya mizigo inapita, vikombe vinagusana,
na hakuna aliyemjibu bado,
naye hajaondoka pale.