Fomu ya Mwisho wa Mwezi

Fomu imekuja tena, Delwin.
Safu ya kwanza: masomo yaliyofundishwa.
Safu ya pili: waliobatizwa.
Ya tatu sikuielewa tangu Agosti, nimeiwekea kikombe.

Wewe umelala na soksi mbili mbili,
goti la kushoto juu ya mto.
Nje upepo unapepeta mchanga kwenye bati la trela
kama mtu mwenye mchele mwingi na hana haraka.

Nianzie wapi?

Kwamba tulikuja na masanduku matatu ya vitabu,
na mvua ya kwanza ikatuzamisha kwenye udongo mwekundu
hadi ekseli, tukakaa saa tano tukiimba kwa woga,
na kijana aliyetuvuta, Leland Bitsilly,
hakuuliza sisi ni nani. Aliuliza: mna mnyororo?
Hatukuwa na mnyororo.
Tulikuwa na vitabu.

Kisha nyanya yake, Bi. Zonnie,
ndani ya hogani inayotazama mawio,
akatuuliza kwa kinywa cha Leland:
ukoo wa mama yako ni upi,
na umezaliwa kwa ajili ya ukoo gani wa baba?
Wewe, unayewajua wazee wako kwa majina
hadi kwenye meli iliyowavusha, ulimi ukakukwama.
Ukasema: tunalima viazi, Idaho.
Alicheka hadi akayashika meno yake ya bandia.
Ukoo wa Viazi, basi.
Ndivyo tunavyoitwa mpaka dukani.

Mgeni siku ya tatu hupewa jembe.
Sisi tulipewa mapipa.
Maili ishirini na mbili hadi bombani,
ishirini na mbili kurudi, maji yakitikisika mgongoni mwa pikapu,
na mbuzi wa watu wamesimama katikati ya barabara
wakitutazama kama wakaguzi.

Au niandike ile jioni ya Novemba
ulipofungua kitabu, hatimaye,
kidole chako juu ya mstari,
na yeye hakuinua macho kwenye mtande wake.
Alisema maneno machache. Leland alikawia kuyatafsiri.
"Walikuja wengine wenye sauti nzuri kama yako.
Nilikuwa na miaka sita. Walininyoa nywele,
wakaniita Bessie,
wakanilisha sabuni kwa kila neno la mama yangu."

Jiko likapasua kijiti.

Ulikifunga kitabu taratibu,
kama mlango wa chumba alimolala mtoto,
ukatoka. Nikasikia shoka.
Ulipasua mwangati hadi giza likakunyang'anya magogo,
na mimi ndani sijui mikono yangu niiweke wapi
mpaka aliponitupia sufu na vitana viwili vya chuma.
Chana, akaonyesha kwa midomo.
Nikachana. Vibaya.
Akaifumua kazi yangu, akanirudishia.

Hiyo iingie safu gani?

Februari homa ilipokuangusha
alikuja kwa miguu, theluji ikimfika kwenye ndui za magoti,
na uji wa mahindi ya buluu wenye majivu ya mwangati.
Alikaa kitandani mwako akaomba kwa lugha ile waliyoiosha kwa sabuni.
Nilitambua neno moja tu, hózhó,
kwa kuwa alilirudia mara nne,
kama mtu anayekagua kuta zote kabla ya kulala.
Alimwomba nani, sikuuliza.
Ulisema Amina, na sauti yako haikuwa na mstari wa kushika kidole.

Sasa wino unaganda, na posta hufungwa saa tisa.
Waliobatizwa: sifuri.
Nimeiandika polepole, Delwin, kwa mkono wa mwalimu wa darasa la kwanza,
duara nzuri,
ila sikuifunga. Nimeacha upenyo mdogo
upande wa mashariki.
Ofisini watadhani kalamu ilikwama.