Katikati ya Njia

Hakimu aliifungua ramani, akapima
kutoka ghorofa ya baba, Katowice,
hadi nyumba ya bibi mzaa mama, ukingoni mwa Wrocław,
akagawa kwa mbili.
Jibu likaniangukia mimi:
kituo cha mafuta, pampu sita, choo cha kulipia,
na Bogna nyuma ya kaunta,
anauza kahawa na soseji.

Ijumaa huja Wagawanaji.
Ndivyo ninavyowaita, kimoyomoyo.
Hawajazi mafuta. Hununua maji wasiyoyanywa,
huitazama saa, huutazama mlango.
Gari hili huegeshwa huku, lile kule,
na kati yao lami, hatua kumi na nane.
Nimezihesabu.
Mtoto huzitembea peke yake, begi mgongoni,
maana hapo katikati hapana wa kumshika mkono.

Malwina namjua tangu meno yake yakiwa kamili.
Baba yake, Ireneusz, fundi wa lifti,
hufika nusu saa kabla, akajichana nywele kwenye kioo cha gari
kama bwana harusi.
Jagna, mama mtu, huja mbio na viatu vyeupe vya wodini,
injini haizimi.
Siku moja Ireneusz alinisomea ile hukumu,
karatasi imechanika penye mikunjo:

*Mtoto atagawiwa, kwa wiki hii na ile,*
*Ijumaa hutolewa, si kabla wala si mbele,*
*mavazi yatafuliwa, pasiwe na makelele,*
*na simu atapigiwa, mara moja, si milele.*

Akaikunja. Akaniuliza bei ya betri.

Haikuandikwa humo
kiatu cha theluji kikibaki kimoja kila nyumba.
Haikuandikwa homa ya Alhamisi usiku,
wala ni nani atakayegundua kwanza
kwamba sweta limeanza kumbana kwapani.

Februari, giza tayari, barafu imenyunyiziwa chumvi.
Hatua ya tisa, Malwina akasimama.
Akainama. Akatema kiganjani.
Milango miwili ikafunguka kwa mpigo,
na kwa mara ya kwanza nikawaona wote wawili
wamesimama juu ya kipande kimoja cha ardhi.

"Lilikuwa likitikisika tangu Jumatatu, kwangu."
"Saa kumi na mbili imeshapita, Irek."
"Panya atalifuata chini ya mto wake, kwangu."
"Mto upi? Ule nilioununua mimi?"

Mtoto akawaacha palepale,
akasukuma mlango wangu wa kioo,
akaliweka jino kwenye kaunta, kati ya bazoka na viberiti,
dogo kama punje ya mchele, lina uzi wa damu.
"Shangazi, niwekee.
Hapa ndipo lilipotokea."

Nililitia kwenye kiberiti kitupu, nikaandika jina.

Sasa niseme langu.
Kostek wangu ana miaka kumi na mmoja
na hakuna hakimu aliyewahi kumpimia ramani.
Baba yake alikwenda Hamburg kufunga mabomba,
akabaki sauti ya Krismasi,
kisha hata sauti ikakatika.
Wangu sikugawana na mtu: homa zote zangu,
sweta zote zangu, maswali yote yangu.
Watu husema, afadhali wewe, huna vurugu.
Lakini zipo Ijumaa, Mungu anisamehe,
nikiwa nafuta kaunta isiyo na uchafu,
ninapozionea wivu hatua kumi na nane
kwa sababu huko mwisho kuna mtu, anajichana nywele.

Wiki iliyofuata aliingia na theluji kwenye kofia.
"Panya alikuja?"
"Alikuja kujaza mafuta," nikamwambia. "Akaacha hii."
Zloti tano, kutoka mfukoni mwangu.
Malwina akatazama gari la kulia,
akatazama gari la kushoto,
akainama, akaitumbukiza ndani ya soksi,
akatoka nje akichechemea kidogo.