Ukiokota, Piga

Ya kwanza kupotea ilikuwa ya rangi ya machungwa.
Niliirusha vizuri mno, hilo ndilo kosa:
ikalipita kapu, ikaupita mninga,
ikakata kona ambayo sikuiagiza
na miyombo ya Kipalapala ikafunga mlango.

Tulitafuta mpaka nyuki wakatuchoka.
Kasele alipanda juu ya kichuguu, akaita,
kana kwamba ina masikio.
Diski haijui kuitika naam.

Makapu yetu matatu tuliyaunda wenyewe:
ringi za baiskeli, minyororo chakavu.
Fundi Mlekwa wa Isevya alichomelea kwa deni
na bado anauliza, mnafuga nini humo, kuku?
Mgeni aliyetufundisha alitufundisha kuandika majina
kabla hata ya kurusha.
Akaondoka na masika, akatuachia diski kumi na moja.
Leo zimebaki nne.

Basi nami, kwa kalamu ya wino mzito,
niliandika chini ya kila moja:
MIHAYO, STESHENI. UKIOKOTA, PIGA.
Tarakimu kumi, nikazipitia mara mbili
kama mtu anayemvisha mtoto sweta
alfajiri ya safari.
Kasele alicheka: nani apige?
Cha porini ni cha aliyekiinamia.

Na nyinyi chekeni:
kazi yangu ni stoo ya mizigo iliyosahauliwa.
Miavuli. Begi la viatu, vyote vya mguu wa kushoto.
Jembe lisilo na mpini, lilishuka peke yake kutoka Mpanda.
Kila kimoja nimekiandikia tarehe na behewa.
Miaka tisa narudisha vya watu.
Changu kiko majanini.

Agosti walichoma nyasi.
Nilikwenda jioni, majivu yakinipanda hadi kwenye vifundo,
nikaikuta moja, ya bluu, imejikunja
kama chapati iliyosahauliwa kikaangoni.
Mgongoni: IHAYO, na saba, na saba.
Nikaibeba nyumbani. Sijui kwa nini.
Ipo dirishani. Hairuki, haitupwi.

Halafu, siku ya mizigo mingi, simu.
Namba ngeni, upepo mwingi, sauti ya mama mtu mzima:
"Wewe ndiye Mihayo wa sahani?"

Nilisimama. Mbele yangu abiria anadai ndoo yake.

"Hii ya machungwa. Mwanangu ana mizinga huko,
aliikuta imekaa juu ya mmoja kama kofia,
nyuki wameshaigandisha kwa nta.
Sasa ninayo hapa Usoke, naanikia mbegu za maboga.
Haina kona, haishiki uchafu.
Umeitengeneza wewe?"
Hapana, mama.
"Basi nikuletee? Treni ipo Alhamisi.
Ila mbegu bado mbichi."

Nilikuwa na maneno mengi ya stesheni:
fomu, sahihi, ushahidi wa umiliki.
Nikauliza tu, huo mzinga uko upande gani?
Akamwita kijana. Kijana akasema
upande wa reli, mninga wa tatu ukitoka kwenye kichuguu,
juu kabisa,
lakini ni mbali, kaka, nani aliirusha?

Mbali.
Nikauona tena mkono wangu, asubuhi ile,
na diski ikienda, ikienda,
na mimi nikiwa tayari nimeanza kusikitika.

"Zikauke kwanza, mama," nikasema.
Abiria nikampa ndoo yake bila fomu.

Usiku, kwenye zile nne,
niliongeza mstari mwembamba, wino ukielekea kwisha:
hata usiporudisha,
piga uniambie ilitua wapi.